Umeacha Adhabu, Ukatoa Sababu

Ndhiwa
Jumapili, 9 Machi 2025

Matiko,

Sikupigii simu kwa sababu tulikubaliana tangu gemu yetu ya kwanza kwamba ugomvi wa kazi unaandikwa. Kwenye simu wewe hukata. Barua pepe huwezi kuikata, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Jana nilifungua toleo la majaribio la Bandari ya Giza ulilonitumia. Nikabonyeza "Anza", nikangoja kusikia habari za Kemba. Nikangoja tena. Mara nikajikuta nimesimama kwenye vumbi la sayari, nimevaa kofia ya chuma yenye taa, na mbele yangu mlango. Hakuna neno hata moja. Nikadhani faili limeharibika. Nikapekua folda zote, na ndipo nikaelewa kwamba hakuna kilichoharibika. Umefuta. Kuanguka kwa chombo cha kwanza, wafu wa Mlango wa Tatu, ile miaka ya giza, kwa nini watu wa Kemba hawataki kuona taa mlangoni: yote umefuta na hukuniuliza.

Nikukumbushe, maana unaonekana umesahau. Kemba ni yangu. Niliianza nikiwa kidato cha pili, nyuma ya duka la mama hapo Isebania, wewe ukiwa bado unaogopa kuku. Wewe unajua kuandika programu, sikunyimi sifa hiyo. Lakini kila jina, kila kaburi na kila sheria ya sayari ile ilitoka kichwani mwangu. Ulisema mwenyewe, tulipokuwa tunatengeneza sehemu ya kwanza, kwamba bila historia ile ungekuwa na roboti zinazotembea tu.

Sasa hii ni sehemu ya pili. Atakuja mtu ambaye hakucheza ile ya kwanza. Mgeni huyo atajuaje yuko wapi? Atajuaje kwamba akifika mlangoni na taa yake inawaka amewatukana wafu wa watu?

Rudisha historia ile kabla gemu haijatoka Jumamosi ya Pasaka. La sivyo toa jina langu, toa na Kemba yangu, ukatafute sayari nyingine ya kuwatupia watu wako, na mimi usinihesabu tena kuwa mwenzako wa kazi. Sitanii.

Huku mvua imeanza vizuri. Willis bado yuko Muhuru Bay na biashara yake ya dagaa wa omena, kwa hiyo tangu harusi naendesha nyumba karibu peke yangu. Juzi nilipanda mahindi shamba langu lote, nikamalizia na kipande cha mama mkwe, ili aamke akute kazi imekwisha. Hapa bomani hakuna mwingine aliyeshika jembe bado. Watajua kwamba msichana wa Kikuria hakuja huku kulala.

Dada yako,
Damaris


Isebania
Jumanne, 11 Machi 2025

Dada Damaris,

Nimesoma mpaka mwisho na chai yangu imepoa. Sasa na wewe soma.

Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu. Ningekuuliza, tungekuwa tunabishana mpaka Krismasi. Wewe unaandika ukiwa umejifungia peke yako. Mimi nashinda hapa kwenye ukumbi wangu wa gemu, nyuma ya viti vya wachezaji, natazama vidole vyao. Sehemu ya kwanza ilipoanza na historia yako, unajua walifanya nini? Walibonyeza kuruka. Ukurasa ukija, wanaruka, mwingine ukija, wanaruka. Wengine waliweka kidhibiti chini wakarudi kwenye gemu ya mpira. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaumia, na mimi pia iliniuma.

Wiki iliyopita aliingia dereva wa lori, Mtanzania, anangoja karatasi zake pale mpakani na amechoka na jua. Hajawahi kusikia neno Kemba maishani mwake. Nikamkalisha mbele ya toleo jipya. Akafungiwa mlango akacheka. Akajaribu mlango mwingine akafungiwa, akaacha kucheka, akavuta kiti karibu. Alikaa mpaka wenzake wakaja kumtafuta. Alipokuwa anatoka akaniuliza, "Lakini hawa watu wana shida gani na taa?"

Unaona? Aliuliza mwenyewe. Hamu ya kujua ilitoka kwenye kucheza. Ningemsomea kwanza habari za chombo kilichoanguka, angelala. Mgeni hahitaji mambo yote hayo, dada. Anahitaji miguu ya kutembea na kitu cha kugonga. Akikosea atajua, kisha atajaribu tena. Hata wewe, nani alikupa kitabu cha kusoma kabla hujaenda kuolewa? Uliingia tu, na sasa unapanda mashamba ya watu kabla hawajaamka.

Ukweli nitakwambia na ukasirike ukitaka: unapenda kurasa zako kuliko unavyowapenda wachezaji. Historia hairudi. Na jina lako halitoki, litakaa juu ya langu kama ilivyokuwa.

Msalimie shemeji akirudi, na mama mkwe wako, Mama Pamela.

Matiko


Ndhiwa
Jumatatu, 24 Machi 2025

Matiko,

Umeniuliza nani alinipa kitabu kabla sijaolewa. Swali hilo limenikaa rohoni tangu nilisome, na leo nakujibu: hakuna. Ngoja nikueleze inavyokuwa mtu anapoingia bila kuambiwa, kwa sababu wewe unaona ni mchezo.

Watu hapa hawanisemeshi. Si kwamba wananitukana. Ingekuwa matusi ningejibu, unanijua. Mama Pamela, ambaye tangu nije alikuwa akipita kila asubuhi kunywa chai jikoni kwangu, ameacha kupita. Nikimsalimia anaitikia akiwa anatazama ng'ombe. Risper, mke wa kaka yake Willis, nyumba yake inatazamana na yangu. Nilimpelekea maharagwe, sahani ikarudi bila kufunuliwa. Mvua inanyesha na hakuna anayepanda. Jirani zetu wote wameshamaliza, lakini boma letu wamekaa tu kama watu waliofiwa, na nikipita mazungumzo yanakatika. Nimesikia neno moja tu kwa Kiluo, chira, yale mabaya yanayomfuata mtu aliyevunja mwiko. Lakini nimevunja nini? Nilimpigia Willis. Akasema wazee watatengeneza, nisijali, kisha akaanza kunieleza bei ya omena.

Basi jana nikafungua gemu yako ili nipate pa kupeleka mawazo. Nikafika mlangoni na taa. Mlango ukafungwa. Wale watu wakanigeuzia migongo. Nikaenda mlango wa pili, migongo tena. Hakuna anayesema neno. Na mimi niliyeitunga sheria ile niliifunga kompyuta kwa hasira, kwa sababu nilikuwa napajua mahali pale, ni hapa ninapoishi.

Ungefuta taa, milango na sheria yote, ningekuita mharibifu na tungeishia hapo. Lakini hukufanya hivyo. Migongo ya watu uliona inapendeza, ukaiweka. Maumivu ya Mlango wa Tatu uliona yanachosha, ukayatupa. Umeacha adhabu, ukatoa sababu. Huo ni ukatili, Matiko, na usiniambie habari za dereva wa lori aliyecheka. Yeye alikuwa na lori la kurudia.

Nakuomba kwa mara ya pili na sitaomba ya tatu. Rudisha.

Damaris


Isebania
Jumatano, 26 Machi 2025

Dada,

Unataka kushinda ubishi kwa kulia. Tangu tukiwa wadogo ndivyo unavyofanya. Nikikuambia kitu kuhusu kazi, unaniletea machozi ya nyumbani, halafu mimi ndiye nionekane mbaya. Gemu ni gemu. Mama mkwe kukasirika ni mambo ya mama mkwe. Usiyachanganye.

Nasikitika kwamba hawakusemeshi, kweli nasikitika. Lakini umekaa huko miezi michache tu. Kila boma lina tabia zake, na kama ni yale mambo yao ya nani aanze na nani afuate, yatapita. Hayo ni ya zamani, nani bado anayafuata na watu wanaenda kanisani kila Jumapili? Tabasamu, pika vizuri, watazoea. Na kama kuna jambo hulijui, mdomo unao, uliza.

Mimi pia nina mzigo wangu. Nimeshawaambia watu Jumamosi ya Pasaka. Kuna vijana wa Migori mjini wameahidi kuja kucheza siku hiyo hiyo, na wengi wao hawakucheza sehemu ya kwanza. Sitawakaribisha kwa somo la historia. Wakiona migongo watataka kujua. Wakitaka kujua watacheza zaidi. Naijua kazi yangu.

Pumzika kidogo. Tutaongea hasira zikishuka.

Matiko


Ndhiwa
Jumapili, 6 Aprili 2025

Matiko,

Hasira hazijashuka. Zimepanda, na utajua kwa nini.

Uliandika, "yale mambo yao ya nani aanze na nani afuate." Nilisoma mstari huo mara ya kwanza nikaupita. Siku iliyofuata nilikuwa nafua nguo na mstari ukarudi wenyewe. Mimi sikukuandikia habari za nani aanze. Nilikuwa hata sijui kwamba kuna kuanza na kufuata. Wewe ulijuaje?

Basi nikafuata ushauri wako, nikauliza. Nilimsubiri Risper kwenye njia ya kisimani nikamsimamia mbele. Nilimwambia hapiti mpaka aniambie nilichofanya. Alinitazama kama anayepima iwapo namchezea. Kisha akaniambia. Katika boma hili mbegu ya kwanza inaingia ardhini kwa mkono wa mama mwenye boma. Yeye akishapanda, anafuata mke wa mtoto mkubwa, ndipo mimi nifuate. Na mimi nilipanda kabla ya wote wawili, halafu nikaenda kupanda mpaka shamba la mama mwenyewe. Mimi niliona ni zawadi. Nyumbani kwetu mke mpya akiamka mapema akamlimia mama mkwe, watu wanamsifu mpaka sokoni.

Nikamuuliza Risper kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia. Akashangaa. Akasema, "Lakini si uliambiwa? Mama alimwambia ndugu yako siku ile tulipoleta ng'ombe wa mahari."

Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa kabla ya kuyaandika, kwa sababu barua ya kwanza niliyoiandika nisingeweza kuituma kwa mtoto wa mama yangu. Ulijua. Uliambiwa, kwa ajili yangu, na mtu aliyenitakia mema. Na ukayaondoa maneno yake. Ukaniacha nisimame mlangoni kwa watu na taa inawaka, halafu ukaniandikia nitabasamu.

Sasa usirudishe historia. Sitaki tena. Toa Kemba yote, majina yote, milango yote. Bandari ya Giza haitatoka na kitu changu hata kimoja. Ikitoka nacho, sina ndugu Isebania.

Leo baada ya kanisa nilikwenda nyumbani kwa Mama Pamela nikamwambia kwamba ujumbe wake haukunifikia. Alikaa chini.

Damaris


Isebania
Jumanne, 8 Aprili 2025

Damaris,

Ndiyo, aliniambia. Unataka niseme sikuambiwa? Aliniambia.

Unaikumbuka siku ile ilivyokuwa. Ng'ombe wanapiga kelele, wajomba wanataka soda, mimi ndiye mwanamume wa nyumba tangu baba afariki na kila mtu ananiita. Yule mama ananivuta kando ananiambia habari za mbegu. Nikasema nimesikia, na nilisikia. Baadaye nikafikiri, nikimwambia Damaris haya atayageuza kuwa kesi. Atauliza kwa nini, na kwa nini ya kwa nini, na pengine akatae kwenda. Na wewe ulikuwa na furaha siku ile, sijakuona na furaha namna ile tangu utoto. Nikaona utajua ukifika. Nikaona kwamba wewe ni mtu mzima mwenye akili, huhitaji kushikwa mkono.

Sikufanya kwa ubaya. Na bado nasema haihusiani na gemu. Kuiondoa Kemba sasa ni kuua kazi ya miaka miwili, yangu na yako. Unaniadhibu kwa kazi kwa kosa la nyumbani, halafu unasema mimi ndiye mkatili.

Sijui unataka nifanye nini.

Matiko


Ndhiwa
Tarehe 13 mwezi wa nne, 2025

Kwako Matiko, ndugu ya mke wa kijana wangu,

Mimi ni Pamela, mama ya Willis. Hii barua naandika na mkono yangu, Damaris atapiga picha akutumie. Nimemwambia asirekebishe kitu. Kiswahili yangu ni ya soko, utasoma hivyo hivyo.

Ile siku tulileta ng'ombe kwenu, mimi nilikuita kando ya tangi ya maji. Nilikuambia kwetu mbegu ya kwanza ni ya mwenye boma. Nilikuambia umwambie dada yako polepole, kwa sababu wewe ni damu yake. Mimi siwezi kusomea mtoto ya wenyewe sheria siku ya kwanza, ataona nimeanza kumfukuza kabla hajaingia. Kwetu maneno kama hiyo inapitia kwa watu wake, ndio ifike ikiwa tamu. Ukaniambia, "Nimesikia, mama." Mimi nikaenda nikijua imefika.

Kwa hivyo vile Damaris alipanda shamba yangu, mimi nilijua anajua. Unajua nilielewa nini? Kwetu mama mwenye anapandiwa mbele ni mama mwenye amekufa. Nilielewa huyu msichana anaambia watu mimi nimekufa. Nilimpenda huyo mtoto, Matiko. Nilikuwa nakunywa chai kwake kuliko kwa Risper. Nililia, mimi mama mzima wa kanisa. Mwezi mzima nimemchukia bure juu yako.

Jana nilienda kwake nikasema, nionyeshe hiyo kazi yenye mnagombania na ndugu yako. Akaniwekea kompyuta kwa meza, akanionyesha vidude vya kutembea. Nikatembea. Iko na rangi mzuri, sitadanganya. Nikafika kwa mlango. Sasa mimi nilifunzwa kwamba mtu mwema haingii kwa watu na giza kama mwizi. Nikawasha taa, ndio waone uso yangu. Wote wakanipatia mgongo. Mlango ikafunga. Nikaenda ingine, ikafunga. Nikapata hasira, nikapiga ile meza. Nikauliza Damaris, "Hawa watu nimewakosea nini, na mimi nimekuja na heshima?"

Akaniambia, "Mama, hujawakosea. Hukuambiwa."

Nilikaa hapo na hiyo kofia yangu ya chuma, mlango imefungwa, na yeye amekaa kando yangu. Hatukuangaliana.

Hiyo mchezo yako ni mbaya. Mtu anaweza kosa kujua kila kitu ya watu na bado akae nao vizuri. Mimi hata leo sijui yote ya boma hii, na nimezeeka hapa. Lakini usiweke mtu afanye makosa yenye ulijua atafanya, halafu ukae nyuma ya kiti yake ukiangalia. Damaris ameniambia hiyo ndiyo kazi yako, kukaa nyuma ya kiti.

Nakungoja hapa. Utakuja uniambie na mdomo yako hiyo "nimesikia" ilikuwa maana yake nini.

Pamela, mama ya Willis


Ndhiwa
Jumanne, 15 Aprili 2025

Matiko,

Sikutaka kukuandikia tena. Naandika kwa sababu kuna kitu kimenikasirisha kuliko vyote vilivyotangulia na sina mwingine wa kumwambia.

Jana asubuhi mzee mmoja wa ukoo alikuja. Mahindi niliyopanda kwenye shamba la mama yaling'olewa, nikayang'oa mwenyewe. Mama Pamela akapanda safu yake kwa mkono wake. Risper akafuata kwake, halafu mimi kwangu. Hakuna aliyepaza sauti. Ilikwisha kabla jua halijawa kali, na mzee akaondoka na kuku.

Kisha mama akaja jikoni kwangu. Nilikuwa nimebandika maharagwe. Akavuta kigoda, akaanza kunisaidia kumenya viazi, na akaniambia. Kila kitu. Mbegu. Jembe lisiloletwa nyumbani begani. Nani anaingia wapi msiba ukitokea. Nyumba ipi nisilale hata mvua ikinikuta humo. Akaniambia na sababu ya ukali wake juu ya mbegu. Alipoolewa alikuwa na mke mwenza mdogo, wanapendana, naye alitangulia kupanda kwa kutojua. Kabla ya mavuno mama mkwe wao akafa kwa ugonjwa wake wa kifua wa siku nyingi. Watu walimtwika lawama ya kifo kile yule msichana. Alifukuzwa na mtoto mgongoni, na Mama Pamela alisimama mlangoni akamtazama akienda. Tangu siku ile aliapa kwamba hakuna mke atakayeingia boma hili bila kuambiwa. Ndiyo maana alikuvuta kando ya tangi. Alikuwa ananikinga.

Nilimuuliza kwa nini hakunywa chai yangu mwezi wote ule, ni chuki? Akasema chuki ilikuwepo, lakini pia hakuruhusiwa kula kwa mkono uliomtangulia mpaka jambo litengenezwe. Angekula kisha akaugua hata mafua tu, ningelaumiwa mimi.

Sasa sikiliza kilichonikasirisha. Alimaliza kunieleza yote, akanywa chai, na maharagwe yalikuwa bado hayajaiva. Matiko, yalikuwa bado magumu. Mambo yote yaliyoninyima usingizi, yaliyomliza mama wa watu, yaliyofanya nidhani nimekuja kufa kwenye boma la wageni, hayakutosha hata kuivisha sufuria moja ya maharagwe. Ungeniambia siku ile ile ukiwa unabeba kreti za soda. Nililia hapo hapo mbele yake kwa hasira, naye akadhani ni moshi, au alijifanya kudhani.

Na nikuambie jambo jingine, si kwa kukuhurumia. Kuhusu kurasa zangu ulikuwa na haki kiasi. Mama Pamela hakuniambia historia ya ukoo tangu mwanzo wa dunia. Angefanya hivyo ningesinzia kama dereva wako. Aliniambia kinachoweza kuniumiza, na kwa nini, na mengine akasema nitayajua nikiishi. Sikuhitaji kitabu. Nilihitaji mtu mmoja mlangoni, mwenye mdomo, aseme zima taa, mwanangu, kuna watu hapa walikufa kwa ajili ya taa, ukitaka kujua zaidi njoo ukae. Mgeni akishaambiwa hivyo akawasha, hiyo ni juu yake.

Sehemu ya kwanza sikumweka mtu huyo. Niliweka kurasa. Wewe ukaondoa kurasa na hukumweka pia.

Kemba bado sikupi. Sijakusamehe na sijui lini. Mama anauliza kila siku kama umejibu.

Damaris


Isebania
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Dada Damaris,

Gemu haitoki Jumamosi. Nimewaambia vijana wa Migori, wamenitukana vya kutosha, na nimeyakubali matusi yao.

Barua ya Mama Pamela nimeisoma nikiwa nimesimama ukumbini, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Sikuwa nimejua kwamba alidhani unamwita marehemu. Nilidhani ni mambo ya mahindi tu. Nilikuwa na maneno yake mfukoni muda wote ule na sikujua uzito wake, kwa sababu sikumuuliza, na sikumuuliza kwa sababu nilitaka kurudi kwenye sherehe.

Nilikukasirikia mpaka jana. Nilisema moyoni unaiua kazi yetu kwa sababu ya mbegu. Jana akaja yule dereva wa lori tena. Nilifurahi kumwona, nikamwashia mashine. Akakataa. Akasema ile gemu aliiwaza njiani mpaka Mwanza, na kadiri alivyoiwaza alizidi kujiona mjinga, kwamba ilimcheka yeye. Akaniuliza tena wana shida gani na taa. Nikamweleza habari za Mlango wa Tatu kama ulivyoziandika, kwa kifupi, tukiwa tumesimama. Akavua kofia yake. Kisha akakaa akacheza.

Kemba sitaigusa mpaka uniambie. Mtu wa mlangoni sijamtengeneza, kwa sababu maneno yake si yangu kuandika.

Nitakuja Jumatatu ya Pasaka kumjibu Mama Pamela kwa mdomo wangu. Tangu uolewe sijafika huko, na watu wenyewe niliwaona siku ile moja tu. Kwa hiyo, dada, nijibu kabla sijaondoka hapa, hata kama utaniandika kwa hasira. Niingie kwa upande gani? Nimsalimie nani kwanza? Nikae wapi, na ni kitu gani nisikiguse kabisa? Usiniache nijue nikifika.

Mdogo wako,
Matiko